Samoni Alitangulia, Ng'ombe Bado Anangoja: Chanjo za DNA kwa Mifugo

Ukifika bomani upande wa Monduli asubuhi ya kuchanja ndama dhidi ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, kitu cha kwanza kukuvuta macho ni mtungi. Ni mtungi mnene wa aluminiamu, umefungwa kamba nyuma ya gari usije ukalala, na ndani yake mna naitrojeni iliyogeuzwa maji, baridi yake nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtaalamu wa mifugo akiinua kifuniko, mvuke mweupe haupandi juu. Unamwagika pembeni na kutambaa chini, na watoto waliosogea kuchungulia wanarudi nyuma hatua mbili. Anachomoa mrija mwembamba kuliko ule wa kunywea soda, anauyeyusha, anachanganya kilichomo na maji yake maalumu, na kuanzia hapo hana muda wa kupiga soga. Mrija mmoja hutoa dozi kama 30 hadi 40, na chanjo ikishayeyuka ina saa chache tu za uhai.

Kila ndama anachomwa sindano mbili. Ya kwanza, chini ya ngozi karibu na sikio, ndiyo chanjo. Ya pili, msulini, ni oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kudumu mwilini siku kadhaa, na kipimo chake hufuata uzito, ndiyo maana pembeni kuna mtu kashika utepe wa kumzungushia ndama kifuani. Mwisho ndama anavishwa hereni na kuachiwa akamtafute mama yake.

Antibiotiki inatafuta nini kwenye chanjo? Hapo ndipo penye kisa. Kilichomo mrijani ni vimelea hai vya Theileria parva, vyenye nguvu zao zote, vilivyotolewa kwenye kupe waliosagwa. Ndama anaambukizwa ndigana kali kwa makusudi, kisha dawa inamshika mkono asife. Akivuka hapo, kinga humkaa miaka mingi, mara nyingi maisha yake yote. Njia hii ilikamilishwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika miaka ya 1970, na mchanganyiko wa aina tatu za vimelea unaotumika mpaka leo unaitwa kwa jina la mahali hapo. Kutengeneza fungu moja huchukua takriban mwaka mmoja na nusu, kwa kutumia ng'ombe, sungura na kupe wasiohesabika. Wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wanailipia kutoka mifukoni mwao, na mfugaji halipii kitu ambacho hakijamwonyesha faida.

Nimeanzia kwenye mtungi kwa sababu habari za chanjo za DNA kwa kawaida huandikwa kana kwamba ni muujiza wa maabara unaotafuta kazi ya kufanya. Ukisimama bomani unaiona kazi yenyewe: kumpa ndama kinga ileile bila kimelea hai, bila naitrojeni, bila kukimbizana na saa. Je, inawezekana? Kwa samoni, samaki wa kufugwa, ndiyo, tena kwa miaka mingi sasa. Kwa ng'ombe, bado. Sababu ya tofauti hiyo inaeleza teknolojia yote kuliko sifa zake zinavyoeleza.

Tuanze na adui. Kupe wa kahawia anayependa masikio anapomnyonya ng'ombe, vimelea hupenya kwenye seli nyeupe za damu, zile zile ambazo kazi yake ni ulinzi. Vikishaingia, vinaifanya seli igawanyike bila breki, mithili ya saratani, na kila seli inapogawanyika vimelea navyo vinagawana makao. Tezi zinavimba, joto linapanda, mapafu yanajaa maji, na ng'ombe anakufa povu likimtoka puani. Ugonjwa huu huua ng'ombe zaidi ya milioni moja kwa mwaka katika nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika.

Sasa, kingamwili, zile protini za ulinzi tunazozisikia kila zinapotajwa chanjo, huelea kwenye damu na maji ya mwili. Zinamkamata mgeni akiwa njiani. Kimelea kilichojificha ndani ya seli hazikifikii. Anayeweza kukimaliza ni aina nyingine ya mlinzi, tumwite seli askari, ambaye huiua seli nzima iliyovamiwa pamoja na kilichomo ndani yake.

Seli askari atajuaje kwamba seli fulani imevamiwa, na yeye haoni ndani? Kila seli ya mwili ina desturi moja ya ajabu: inakata vipande vya protini zinazotengenezwa ndani yake na kuvitundika nje, kama mwenye duka anayening'iniza kanga mlangoni ili mpita njia ajue kinachouzwa. Askari anapita akikagua milango. Akiona kipande cha kigeni, anaua. Ila mlango huo, kwa sehemu kubwa, hutundikwa bidhaa zilizotengenezwa humo humo. Protini iliyotoka nje na kumezwa na seli hupitia mlango mwingine, ambao zaidi huita kingamwili. Ndiyo maana chanjo ya vimelea vilivyouawa haifui dafu mbele ya ndigana kali: inaleta bidhaa kutoka nje, wakati askari hukagua zilizotengenezwa ndani.

Kwa hiyo unahitaji protini ya kimelea itengenezwe ndani ya seli za ng'ombe mwenyewe, bila kimelea kuwapo. Ukiielewa sentensi hiyo, umeshaielewa chanjo ya DNA. Yaliyobaki ni ufundi.

Ufundi wenyewe huanzia kwenye kitu kinachoitwa plasmidi. Ni duara dogo la DNA, kama bangili, ambalo bakteria hulibeba kando ya vinasaba vyao vikuu na wakati mwingine hupeana. Mtaalamu huchukua bangili hiyo na kuipachika jeni moja la kimelea au kirusi anachokilenga, yaani maelekezo ya kutengeneza protini moja tu, wala si kimelea kizima. Mbele ya jeni anaweka swichi, kwa kawaida iliyoazimwa kutoka kwa kirusi cha binadamu ambacho swichi yake huwaka kwa nguvu kwenye seli za wanyama wengi. Bangili inarudishwa ndani ya bakteria wa E. coli, bakteria wanalishwa kwenye matangi, wanaongezeka maradufu kila baada ya kama dakika 20, kisha wanapasuliwa na DNA inasafishwa. Kinachobaki ni maji maangavu ambayo kwa macho huwezi kuyatofautisha na maji ya kuchanganyia dawa.

Ukiyachoma msulini, sehemu kubwa ya plasmidi huliwa na vimeng'enya zikiwa bado nje ya seli. Chache zinaingia. Chache kati ya hizo chache zinafika kwenye kiini cha seli, na huko swichi inawashwa: maelekezo yananakiliwa kwenye RNA tarishi, tarishi anatoka nje ya kiini, mitambo ya seli inayasoma na kutengeneza protini, vipande vinatundikwa mlangoni. Askari anapita, anashtuka, anaanza kuzaliana. Protini nyingine zinavuja nje na kuita kingamwili pia, kwa hiyo mlinzi wa aina zote mbili anaamka. Na kuna nyongeza ambayo hakuna aliyeitafuta: mwili wa mnyama unaitambua DNA ya bakteria kwa jinsi ilivyopangika, hivyo bangili yenyewe hupiga king'ora hata kabla protini haijatengenezwa.

Chanjo za RNA tulizozifahamu wakati wa Uviko-19 ni ndugu wa karibu; zenyewe huruka hatua ya kwanza na kuleta tarishi moja kwa moja. Zinafanya kazi bila kuingia kwenye kiini, lakini tarishi ni dhaifu na huharibika upesi. DNA ni ngumu. Ikikaushwa vizuri huvumilia joto ambalo lingeimaliza chanjo ya vimelea hai, na ikiwa kwenye maji, friji ya kawaida inaitosha. Kwa mtu aliyewahi kubeba mtungi wa naitrojeni barabara ya vumbi, hilo si jambo dogo.

Wazo hili lilianza karibu kwa bahati. Mwaka 1990 Jon Wolff na wenzake wa Wisconsin, Marekani, walichoma DNA tupu kwenye misuli ya panya, bila kuifunga kwenye mafuta wala kirusi, wakaona misuli inatengeneza protini iliyoelekezwa. Wengi walitarajia DNA tupu isingefika popote. Mwaka 1993 kundi jingine lilionyesha kwamba panya waliochomwa DNA ya protini moja ya kirusi cha mafua waliponea ugonjwa wenyewe. Baada ya hapo ahadi zikawa nyingi: malaria, ukimwi, kifua kikuu, kila kitu kingepata bangili yake.

Aliyefaidi wa kwanza, nje ya maabara, alikuwa mnyama, na hadithi yake ina mguu mmoja Afrika Mashariki. Mwaka 1937, katika wilaya ya West Nile nchini Uganda, kirusi kipya kilipatikana kwenye damu ya mwanamke mmoja mwenye homa, kikapewa jina la wilaya. Miaka 62 baadaye, mwaka 1999, kirusi hicho kilitokea New York, kikaenea Marekani yote kwa mbu na ndege. Mwaka 2002 peke yake farasi zaidi ya 14,000 waliugua. Kulikuwa pia na ndege aina ya kondo wa California, tai mkubwa ambaye spishi yake yote ilikuwa imebaki na ndege kama mia mbili tu, na kirusi kilikuwa kinasogea upande wao. Mwaka 2003 wakachanjwa kwa DNA, kwa dharura, kabla kirusi hakijawafikia. Nadhani hakuna kielelezo kizuri zaidi cha faida ya chanjo isiyo na kirusi hai ndani yake: kwa ndege waliobaki mia mbili, nani angethubutu kucheza kamari?

Julai 2005 Marekani ikatoa leseni ya chanjo ya DNA ya West Nile kwa farasi. Mwezi huo huo Kanada ikaruhusu chanjo ya DNA kwa samoni wa kufugwa, dhidi ya kirusi cha IHN kinachoharibu viungo vinavyotengeneza damu ya samaki. Ya farasi haikudumu sokoni, kwani tayari farasi walikuwa na chanjo nyingine zilizowafaa. Ya samoni ilishika. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya nao ukaruhusu nyingine, Clynav, ya ugonjwa wa kongosho wa samoni, na mwaka huo huo Marekani ikatoa leseni ya masharti ya chanjo ya DNA ya mafua ya ndege kwa kuku. Binadamu alisubiri mpaka Agosti 2021, India ilipoidhinisha ZyCoV-D ya Uviko-19 kwa dharura.

Dozi ya samoni ni mikrogramu 10. Punje moja ya sukari unayotia kwenye chai ni nzito kuliko hiyo mara makumi kadhaa. Samaki mdogo analazwa kwa dawa ya usingizi, anapita kwenye meza ya kuchanjia, anachomwa mara moja msulini, anarudishwa majini, na kinga inaanza ndani ya siku chache na kuendelea mpaka avuliwe. Kwa nini kwake iwe rahisi hivyo? Mwili wake mdogo ni sababu mojawapo. Lakini pia protini ya nje ya kirusi cha IHN, kwa bahati, huamsha kinga ya samaki kwa nguvu isiyo ya kawaida. Watafiti wamejaribu protini za virusi vingine vya samaki na hazikufanya vizuri hivyo. Tena, samoni wa kufugwa walikuwa tayari wanachomwa sindano mmoja mmoja kwa magonjwa mengine. Chanjo haikudai utaratibu mpya, ilipanda gari lililokuwa linaondoka.

Ng'ombe ni habari nyingine. Panya ana gramu 25, ng'ombe ana kilo 300 na zaidi, na sindano ile ile ya msulini inaingiza plasmidi kwenye seli chache mno ukilinganisha na mwili mzima. Watafiti hupandisha dozi hadi miligramu nzima, makumi ya mara zaidi ya panya anayohitaji, na bado mara nyingi kinga inayopatikana ni hafifu. Tatizo halijawahi kuwa kutengeneza bangili. Tatizo ni kuiingiza ndani.

Mbinu zimejaribiwa nyingi. Kuna bunduki ya kufyatua chembe za dhahabu zilizopakwa DNA mpaka zitoboe ngozi. Kuna vifaa visivyo na sindano vinavyopenyeza maji kwa kasi. Kuna kupitisha mishtuko mifupi ya umeme mahali palipochomwa, ambayo hufungua vitundu kwenye kuta za seli kwa muda mfupi ili DNA ipite. Hii ya umeme ndiyo inayoongeza kinga zaidi kwa wanyama wakubwa. Sasa hebu pata picha yake kwenye krashi, ule ujia mwembamba wa kumbania ng'ombe, ng'ombe mia mbili kwenye foleni, vumbi, jua, na wewe na kifaa chenye betri kinachomshtua kila mmoja. Fahali wa kwanza tu atawafundisha wengine namna ya kuruka uzio. Maabara inaweza, boma, sidhani.

Njia nyingine ni kuchanja mara mbili kwa vitu viwili tofauti: kwanza DNA, baadaye kirusi kilichodhoofishwa kinachobeba jeni lile lile. Ya kwanza inaamsha, ya pili inatia nguvu. Mbinu hii ilijaribiwa kwa ndigana kali yenyewe. Mwaka 2006 watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo ya ILRI, Nairobi, na wenzao walitangaza protini kadhaa za Theileria ambazo seli askari za ng'ombe waliopona huzitambua, kazi ya miaka mingi. Walipozitia kwa ng'ombe wapya kwa mtindo huo, ng'ombe wengi walionyesha askari wameamka, na waliokuwa na askari wakali walielekea kusalimika walipoambukizwa. Lakini ni sehemu tu iliyosalimika, na chanjo inayookoa sehemu ya kundi haimshindi mtungi wa naitrojeni.

Kilichokwamisha hapo hakikuwa kuingiza DNA peke yake. Ng'ombe hawafanani katika vile vipande wanavyotundika mlangoni. Kila mmoja ana aina yake ya misumari, tuseme, na msumari wake unashika vipande fulani na kuacha vingine. Askari wa ng'ombe huyu anaitambua protini moja, wa yule anaitambua nyingine kabisa. Vimelea navyo vinatofautiana. Chanjo ya vimelea hai inashinda kwa kuwa inaleta protini zote kwa mpigo, tena za aina tatu za vimelea. Bangili yenye jeni moja inaleta moja. Itabidi kuwe na nyingi kwenye chupa moja, zilizochaguliwa kwa ng'ombe wa asili na wa kisasa pia.

Mahali ambapo naona DNA ina hoja nzito zaidi ni kwenye ugonjwa wa miguu na midomo. Chanjo yake ya sasa inatokana na kukuza kirusi hai kwa malita na malita, kisha kukiua. Mwaka 2007 kirusi hicho kilitoroka kwenye eneo la utafiti na utengenezaji chanjo la Pirbright, Uingereza, uchunguzi ukaelekeza kwenye mabomba mabovu ya maji machafu, na ng'ombe wa mashamba jirani wakaugua. Kiwanda cha plasmidi hakina kirusi cha kutoroka. Zaidi ya hapo, mnyama aliyechanjwa kwa jeni moja anakuwa na kingamwili za protini hiyo tu, kwa hiyo kipimo cha damu kinaweza kumtenga na aliyeugua kweli, na nchi inayouza nyama nje inajua thamani ya kutenganisha hao wawili. Homa ya Bonde la Ufa, iliyogunduliwa karibu na Ziwa Naivasha mwaka 1931, ina hoja yake pia: chanjo ya zamani ya kirusi hai inaweza kumtoa mimba kondoo aliyechanjwa, jambo ambalo bangili isingelifanya.

Kwa mdondo wa kuku, kwa upande mwingine, sioni haja. Tunayo chanjo ya I-2, inayotengenezwa Kibaha, tone moja kwenye jicho, inavumilia joto, inagharimu shilingi chache kwa kuku. Akija mtu na chanjo ya DNA ya mdondo, mwulize kwanza bei.

Sotoka, ugonjwa mwingine wa ng'ombe, nayo iliondolewa duniani mwaka 2011 kwa chanjo ya kirusi hai kilichodhoofishwa, iliyobuniwa Muguga hiyo hiyo na Walter Plowright na baadaye kuboreshwa ivumilie joto. Hakukuwa na teknolojia ya kushangaza hapo. Kulikuwa na chanjo isiyoharibika njiani, na watu wa kuifikisha.

Swali ambalo halikosi kuulizwa ni lile la mzee mwenye boma: "Dokta, hii DNA si itaingia kwenye maziwa? Nyama yake italika?" Ni swali la haki. Kila pande la nyama lina DNA ya ng'ombe, kila jani la mchicha lina DNA ya mchicha, na tumbo huzimeng'enya zote bila kubagua. Plasmidi iliyochomwa msulini huvunjwavunjwa; masalia machache hubaki mahali pa sindano kwa muda. Hofu nzito zaidi ni kwamba bangili inaweza kujipachika kwenye vinasaba vya mnyama. Imechunguzwa kwa wanyama wa maabara kwa miaka mingi, na tathmini zimeuona uwezekano huo kuwa mdogo kuliko wa mabadiliko ya vinasaba yanayotokea yenyewe kila siku; Ulaya nao walilipima swali hilo kabla ya kuiruhusu Clynav. Ninachokitilia maanani zaidi ni kidogo na hakitajwi sana: plasmidi nyingi hubeba jeni la usugu dhidi ya antibiotiki, linalotumika kuchagua bakteria kiwandani. Mamlaka hutaka jeni hilo liwe la antibiotiki isiyo muhimu kwa tiba, au lisiwepo kabisa, na teknolojia ya kuliondoa ipo.

Tukirudi bomani, jua limeshapanda. Mtaalamu ameyeyusha mrija wa pili kwa ahadi ya jirani kwamba ndama wake wako njiani. Wamefika 22. Wengine walipelekwa majini alfajiri na hawatarudi mpaka jioni. Dozi zilizobaki hazirudi mtungini, kwa hiyo zinamwagwa, na utepe wa kupimia unakunjwa.